Kinga Iliyogeuka Haihitaji Kuongezwa

Hakuna ahadi ya afya inayouzika Nyanda za Juu Kusini kama hii: "inaongeza kinga." Imeuza mlonge, imeuza asali na tangawizi, imeuza virutubisho vya zile biashara za mtandao ambazo mawakala wake hawakosi ukumbi wa semina kila Jumamosi, iwe Mbeya, Iringa au Makambako. Sasa ahadi hiyo imehamia kwenye kichupa cha sindano. Kinaitwa peptidi, kinanadiwa kwenye status na magrupu ya WhatsApp, na wateja wake ni wagonjwa wa baridi yabisi, lupasi, soriasisi ya ngozi, hata wazazi wa watoto wenye kisukari.

Wengine watakuambia ni utapeli tu, tuishie hapo. Mimi siendi huko, kwa sababu si kweli. Peptidi ni dawa halali za hospitali, na mojawapo ndiyo inayowaweka hai watoto wenye kisukari aina ya kwanza. Ninachokataa ni ile ahadi. Mtu ambaye kinga ya mwili wake inamshambulia mwenyewe ndiye wa mwisho kabisa kuuziwa kitu kwa maelezo kwamba kitamwongezea kinga. Hata kama kilichomo kwenye kichupa ni kile kile kilichoandikwa nje, na hata kama kinafanya kazi. Kikifanya kazi ndipo ninapoogopa zaidi.

Kwa nini maneno hayo yanaingia kirahisi huku kwetu? Nadhani jibu liko CTC, zile kliniki za VVU. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mikoa hiyo mitatu ndiyo iliyoongoza Tanzania nzima. Karibu kila ukoo huku una mtu aliyekaa kwenye benchi la kliniki akasikia kwamba CD4, seli zake za kinga, zimeshuka, akaanza dawa, zikapanda, nyumba nzima ikashukuru Mungu. Somo la kinga tumelipata pale: kinga ni kitu kinachopungua, na tiba ni kukirudisha juu. Kwa VVU somo hilo ni sahihi na limeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba tumelibeba hadi kwenye magonjwa ambayo mwenendo wake ni kinyume.

Baridi yabisi haitokani na kinga kupungua. Wala haitokani na baridi ya Uyole, ingawa kila mwezi wa sita ukiingia utasikia ikilaumiwa. Baridi huongeza maumivu kwa wengi, lakini chanzo kiko ndani. Seli za kinga zimeacha kutofautisha mwili na mvamizi, zinakula utando wa maungio, na zisipozuiwa mapema zinafika kwenye mfupa. Kwenye lupasi huenda kwenye ngozi, figo, damu, wakati mwingine ubongo. Kwenye kisukari aina ya kwanza humaliza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ni sawa na sungusungu wa kijiji waliogeuka kuwapiga wenye nyumba, halafu anakuja mtu na suluhisho: tuwaongezee watu na virungu.

Peptidi yenyewe ni nini? Ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini za maharage na nyama. Mnyororo ukiwa mrefu sana huitwa protini. Ukiwa wa asidi amino chache hadi hamsini hivi, ni peptidi. Insulini iko pale mpakani, ina 51. Homoni nyingi ni peptidi. Sumu ya nyuki imejaa peptidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "peptidi inatibu", hajakuambia kitu. Ni kama hajataja dawa. Swali la maana ni peptidi ipi, inashika wapi, na ikishashika inawasha au inazima.

Hilo la kuwasha na kuzima ndilo moyo wa jambo hili. Seli T, ambazo ndizo zinazoamua kinga ishambulie nini, haziangalii kijidudu kizima. Zinasoma vipande. Seli nyingine humeng'enya kijidudu, huchukua peptidi fupi kutoka humo na kuipandisha juu ya ngozi yake kwa molekuli zinazoitwa HLA, na seli T hupita na kukagua. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipewa Nobeli mwaka 1996 kwa kuonyesha kwamba seli hizo hutambua kitu pale tu kinapobebwa na molekuli za mwili wenyewe. Maana yake ni kwamba peptidi ndiyo lugha ambayo kinga inasoma. Ukimchoma mtu peptidi, unaweza kuwa umeziambia seli zake zitulie, au umeziambia adui ndiye huyu. Mnyororo ule ule, tofauti ya asidi amino moja au mbili, kipimo tofauti, mgonjwa tofauti mwenye HLA tofauti, na ujumbe unageuka.

Wanasayansi wenyewe walilijifunza hili kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na wazo zuri sana dhidi ya sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hula utando wa mishipa ya fahamu. Walichukua kipande cha protini ya utando huo, kile kile ambacho seli za mgonjwa hukishambulia, wakabadilisha asidi amino chache ili seli zikisome lakini zitulie. Kwa panya kazi ilikuwa nzuri. Matokeo kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2000. Katika jaribio moja la wagonjwa 8, watatu walizidiwa na ugonjwa, na kwa wawili kati yao watafiti walifuatilia seli moja moja wakakuta kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyoziamsha. Jaribio jingine kubwa zaidi la peptidi hiyo hiyo lilisimamishwa baada ya baadhi ya wagonjwa kupata mzio. Hawa hawakuwa wauzaji wa mtandaoni. Walikuwa na maabara, mashine za kupiga picha za ubongo, na kamati ya kusimamisha kazi mambo yakienda kombo, na bado dawa ya kutuliza iliamsha.

Yapo pia yaliyokufa bila kelele. Nexvax2, sindano ya peptidi tatu kwa watu ambao miili yao haivumilii protini ya ngano, ilisimamishwa mwaka 2019 ilipoonekana haiwalindi wagonjwa kuliko sindano tupu. Lupuzor, peptidi ya lupasi iliyotoka kwenye maabara za Ufaransa, ilifika hatua ya tatu ya majaribio na mwaka 2018 ikashindwa kufikisha lengo lake kuu. Nyingine, DiaPep277 ya kisukari aina ya kwanza, ilikuwa aibu kabisa: mwaka 2014 kampuni iliyoinunua ilitangaza kwamba baadhi ya wafanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikiitengeneza walichezea takwimu za majaribio, na makala za kisayansi zilizoisifu zikafutwa mwaka uliofuata.

Hata hivyo, tusije tukadanganyana kwa upande wa pili. Zipo peptidi zilizofaulu, na zilizofaulu zina somo. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz aliyekuwa likizoni Norway aliokota udongo kwenye nyanda za juu za Hardangervidda, kwa sababu kampuni iliwataka watu wake wakisafiri warudi na udongo wa kuchunguza fangasi. Ndani ya udongo ule kulikuwa na fangasi anayetengeneza peptidi ya mviringo ya asidi amino 11. Leo inaitwa siklosporini. Ndiyo iliyofungua enzi ya kupandikiza figo na maini bila mwili kuyakataa, na inatumika kwenye soriasisi kali na baridi yabisi. Ndugu yake, voklosporini, aliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa lupasi iliyofika kwenye figo. Zinachofanya ni nini? Zinazuia seli T zisiwake. Zinashusha. Na ndiyo maana mtumiaji hupimwa figo na presha mara kwa mara.

Glatirameri ni kisa ninachokipenda zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann kule Israeli, Michael Sela, Ruth Arnon na Dvora Teitelbaum, walitaka kutengeneza kitu kitakachosababisha ugonjwa unaofanana na sklerosisi kwa wanyama ili wausome. Waliunganisha asidi amino nne tu katika minyororo ya kubahatisha. Haikusababisha ugonjwa; iliuzuia. Ilichukua hadi mwaka 1996 kuidhinishwa Marekani. Hapa katikati kuna karibu miaka 30 ya kuuliza kwa nini.

Mwezi Oktoba 2023 iliidhinishwa huko huko zilukoplani, peptidi ya asidi amino 15, kwa ajili ya miasthenia, ule ugonjwa wa misuli kulegea ambao mgonjwa kope zinamshuka na chakula kinamshinda kumeza. Inazuia protini moja ya kinga isikatwe. Inayotazamwa sana sasa ni ikotrokinra. Ni peptidi ya kumeza, jambo ambalo si la kawaida kwa sababu tumbo humeng'enya peptidi nyingi kabla hazijafika popote, na inaziba mlango mmoja tu wa uchochezi kwenye soriasisi. Katika jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, karibu wagonjwa 65 kati ya 100 ngozi zilisafika au kukaribia kusafika ndani ya wiki 16. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa 8 hivi kati ya 100.

Ziangalie tena zote hizo: siklosporini, glatirameri, zilukoplani, ikotrokinra. Hakuna hata moja inayoongeza kinga. Zote zinazima, zinaziba au zinageuza. Peptidi zilizothibitishwa kwa magonjwa haya zimekwenda upande mmoja, na tangazo la WhatsApp linaelekea upande mwingine.

Mwezi wa saba, pale Mwanjelwa, dada mmoja fundi cherehani alinionyesha kichupa chake. Urefu wake haufiki kidole gumba. Kizibo cha mpira, kifuniko chepesi cha bluu, ndani unga mweupe ulioganda chini. Lebo ilikuwa na herufi tatu, namba, neno la miligramu, na chini kabisa, kwa maandishi ya Kiingereza ambayo inabidi uyasogeze karibu na taa, onyo kwamba ni kwa utafiti tu na si kwa matumizi ya binadamu. Jina la kiwanda halikuwapo. Namba ya usajili wala tarehe ya mwisho wa matumizi hazikuwapo. Maungio ya vidole vyake vya kati yalikuwa yamevimba, na uzi alikuwa anatungiwa na binti wa kibanda cha jirani.

"Kaka, hii wameniambia inaamsha kinga, halafu kinga yenyewe ndiyo inatibu viungo."

Nikamuuliza kuhusu dawa za kliniki.

"Zile nimezipumzisha kwanza. Si zinashusha kinga? Sasa nishushe huku, nipandishe huku, nitakuwa nafanya nini?"

Ukitazama vizuri, yeye ndiye mwenye mantiki kuliko aliyemuuzia. Kama ugonjwa wake ungekuwa wa kinga kupungua, angekuwa sahihi kabisa kuacha methotrexate, ile dawa yake ya kliniki. Alikosea kwa sababu alipewa maelezo ya ugonjwa usio wake, na hayo maelezo yamemgharimu zaidi ya fedha ya kichupa. Unga ule pengine ni bure tu, hauna hili wala lile. Lakini wiki anazokaa bila dawa ya kweli si bure, kwa sababu mfupa ukishaliwa haurudi.

Kilichokuwa kimeandikwa kwenye lebo yake ni BPC-157, peptidi ya asidi amino 15 ambayo imechunguzwa zaidi na kundi la watafiti wa Zagreb, Kroatia. Tafiti zake nyingi ni za panya: kano zilizokatwa, vidonda vya tumbo, utumbo. Za binadamu ni chache na ndogo. Haijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa ugonjwa wowote, na wanamichezo wamekatazwa kuitumia tangu 2022. Mwaka 2023 mamlaka hiyo iliiweka, pamoja na peptidi nyingine kama KPV na LL-37, kwenye kundi la malighafi zenye hatari kubwa za kiusalama ambazo wafamasia wasizichanganyie wagonjwa. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba peptidi za namna hii zinaweza kuchokoza kinga, hasa zikiwa na uchafu wa utengenezaji ndani yake. Mtu mzima wa afya akichokozwa kinga huenda akavimba mkono siku mbili. Mwenye lupasi ana mengi zaidi ya kupoteza.

LL-37 inastahili tusimame nayo kidogo. Mwili huitengeneza wenyewe, ina asidi amino 37, na huua bakteria. Ndiyo maana wauzaji huiita kinga ya asili. Lakini mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba katika ngozi ya mgonjwa wa soriasisi, LL-37 hujishikiza kwenye vinasaba vilivyomwagika kutoka seli zilizokufa na kuvifanya vionekane kama vya kirusi, na kinga ikawaka. Mwaka 2014 wakaonyesha zaidi: karibu nusu ya wagonjwa wa soriasisi waliopimwa walikuwa na seli T zinazoilenga LL-37 yenyewe. Yaani kwa wagonjwa hawa, peptidi hiyo ni sehemu ya adui ambaye kinga inadhani inamfukuza. Sasa mtu anaiagiza kwa fedha zake ili atibu soriasisi. Sijui niseme nini hapo.

Thimosini alfa 1 ndiyo inayopewa heshima zaidi kwenye matangazo, kwa sababu ni kweli imesajiliwa katika baadhi ya nchi kwa homa ya ini aina ya B. Ni dawa halisi. Husaidia seli T zifanye kazi dhidi ya kirusi. Ila maelezo ya dawa hiyo yanaonya isitumike kwa watu ambao kinga yao inashushwa kwa makusudi, kama waliopandikizwa viungo, isipokuwa daktari awe ameona faida inazidi hatari. Anayetumia methotrexate au prednisoloni kwa sababu ya baridi yabisi au lupasi ni nani kama si mtu ambaye kinga yake inashushwa kwa makusudi?

Kuna mengine ya mikononi tu ambayo hayahitaji sayansi kubwa. Unga ule huchanganywa na maji maalumu, kisha huchomwa mara nyingi kutoka kichupa kimoja, na baada ya kuchanganywa unatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Watu husema baridi ya Mbeya inatosha. Haitoshi, mchana wa mwezi wa kumi haujui kwamba tuko milimani, na umeme ukikatika friji nayo ni kabati tu. Halafu bomba la sindano. Katika mikoa yenye VVU kwa kiwango nilichokitaja, grupu la watu wanaochomana nyumbani kutoka vichupa vya pamoja ni jambo linalotakiwa kumkosesha usingizi mtu yeyote wa afya ya jamii. TMDA, mamlaka yetu ya dawa, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, na sheria ya dawa hairuhusu kuuza dawa isiyosajiliwa kwa kuibandika lebo ya utafiti. Natamani waanze na hawa wa sindano kabla ya kuhangaika na mama anayeuza mlonge.

Watu wa supu ya kongoro nao wataniuliza, maana pale stendi ya Kabwe supu huuzwa kwa sifa ya kulainisha viungo, na siku hizi kuna wanaosema ina peptidi za kolajeni. Inazo, ndiyo. Mwaka 1993 jarida moja kubwa la sayansi lilichapisha jaribio la wagonjwa 60 wa baridi yabisi waliopewa kolajeni ya gegedu la kuku kwa mdomo kwa miezi mitatu. Baadhi walipata nafuu, na wanne walipona dalili zote kwa muda. Ilileta msisimko. Majaribio yaliyofuata hayakuipa nguvu ile, na kolajeni ya kongoro kwa sehemu kubwa si ile ya gegedu. Kunywa supu yako. Ina chumvi na joto na inafaa asubuhi ya baridi. Usikatishe dozi yako kwa ajili yake.

Kwa fundi wangu wa Mwanjelwa, peptidi yenye maana zaidi pengine haiko kwenye kichupa chochote cha kuchoma. Iko maabara. Kipimo cha baridi yabisi kinachoitwa anti-CCP hutumia peptidi ndogo ya mviringo ambayo asidi amino yake moja imebadilishwa, kwa sababu ndiyo aina ya kitu ambacho kingamwili za wagonjwa wa ugonjwa huu hukikamata. Kikitoka chanya mapema, kabla vidole havijapinda, daktari anajua hana muda wa kupoteza na dawa za maumivu. Watu wetu wengi hufika wakiwa wamekula diklofenaki miaka na miaka, presha juu na tumbo limechoka, ndipo wanasikia jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza. Madaktari bingwa wa maungio nchini ni wachache mno, wengi wao Dar es Salaam; huku mgonjwa huonwa na daktari wa magonjwa ya ndani katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na si haba.

Dawa atakayopewa, methotrexate, ni ya zamani na ni ya bei ya kawaida ukilinganisha na zile mpya. Inahitaji nidhamu: hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku, na kosa hilo moja limewahi kuua watu duniani. Inahitaji foliki asidi, vipimo vya damu na ini, na mwanamke asibebe mimba akiwa anaitumia. Kwa lupasi kuna haidroksiklorokwini, ambayo nayo inataka macho yapimwe. Hakuna raha kwenye orodha hiyo, nakubali. Muuzaji wa kichupa hana hata kipimo kimoja cha kukudai, na ndiyo sababu kubwa anapendwa.

Hapa madaktari nao wana lao. Mgonjwa anaambiwa "dawa hii inashusha kinga, ukipata homa njoo haraka", kisha anasukumwa nje kwa sababu foleni ni ndefu. Kwa mtu wa Njombe au Mbarali, maneno "inashusha kinga" yana historia nzito. Anawaza UKIMWI. Anarudi nyumbani akiwa na hofu ya dawa kuliko ya ugonjwa, na mtandao unamsubiri. Dakika tano za kueleza kwamba kinga yake imegeuka, na kwamba dawa inaituliza ili maungio yapone, zingemnyang'anya muuzaji silaha yake yote. Hazihitaji bajeti ya wizara.

Sayansi yenyewe haijakata tamaa na peptidi. Nobeli ya tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kugundua jinsi seli T fulani zinavyozituliza nyingine ili mwili usijile. Maabara nyingi sasa zinatafuta peptidi zitakazoongeza seli hizo za kutuliza kwa ugonjwa mmoja tu, bila kuishusha kinga yote. Kama hilo litafanikiwa, litakuwa jambo kubwa kuliko siklosporini, na hapa kwetu lingekuwa na uzito wa pekee, maana kushusha kinga yote katika mkoa wenye kifua kikuu ni biashara ya hatari.

Na Mbeya haina sababu ya kusubiri habari hiyo kutoka mbali. Kituo cha NIMR Mbeya, cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kimefanya majaribio ya kitabibu kwa miaka mingi, ya kifua kikuu na ya chanjo za VVU. PrEPVacc, jaribio la chanjo lililofanyika Mbeya na Dar es Salaam pamoja na Uganda na Afrika Kusini, lilisitisha uchomaji wa chanjo mwishoni mwa 2023 baada ya kamati huru kuona hakuna dalili ya chanjo hizo kufanya kazi, na jambo hilo likatangazwa hadharani. Kwa hiyo wakazi wa mkoa huu wanajua tofauti ya sindano yenye fomu ya ridhaa, daktari wa kumpigia simu usiku na kamati yenye mamlaka ya kusema basi, na sindano inayokuja kwa bodaboda. Lupasi huwapiga zaidi wanawake, na kwa takwimu za Marekani huwapiga wenye asili ya Afrika kwa ukali kuliko wazungu, lakini dawa zake hujaribiwa kwa sehemu kubwa kwa watu wasio sisi, wenye mchanganyiko wa HLA usio wetu. Peptidi zinazosomwa na seli T hutegemea HLA kuliko karibu dawa nyingine yoyote. Hatua ya kwanza si ngumu wala ya kifahari: hospitali za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zianze kuandika wagonjwa wao wa baridi yabisi na lupasi kwenye rejista moja, na sampuli ya damu kando, ili siku watafiti wa peptidi inayofuata watakapotafuta mahali pa kuijaribu wakute kazi imeshaanza.